Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kufufua Samani za Zamani na Kupamba Vyumba vya Kulala kwa Gharama Ndogo, Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya familia za Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya jirani zinazotaka vyumba vya kulala vyenye staha bila kuingia madeni. Yamezingatia mambo mawili ambayo maelekezo mengi huyapuuza: baridi na unyevu wa huku kwetu, na wingi wa watu wanaolala katika chumba kimoja.

Je, si nafuu kununua samani mpya kuliko kuhangaika na ya zamani?

Inategemea mwili wa samani yenyewe. Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kwa sababu yake, pamoja na mashamba ya watu binafsi ya Mufindi na Njombe, mbao za paini hupatikana kwa wepesi karibu kila mji wa ukanda huu. Tatizo ni kwamba nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Kitanda kilichoundwa kwa mbao mbichi huendelea kukauka kikiwa chumbani mwako. Mbao hupinda, viungo hufunguka, na baada ya miezi michache kitanda hulia kila mtu anapojigeuza. Kabati la mninga au la mkongo lililoachwa na babu limekwisha kukauka zamani na halina tena la kupinda. Hilo linastahili kazi yako, hata kama sura yake imechakaa kiasi cha kutia aibu mbele ya wageni.

Samani za chipubodi, yaani mbao za vumbi na vipande vilivyogandishwa kwa gundi, zilizowahi kulowa na kuvimba ni habari nyingine. Hizo hazina matengenezo ya kudumu, na ushauri wetu ni kuondoa bawaba, vitasa na vioo vyake vitumike kwingine, kisha kuachana nazo.

Fedha ikiwa ndogo, itumike kwa mpangilio huu: kwanza uimara, kisha usingizi, yaani chaga na godoro, na rangi iwe ya mwisho. Familia nyingi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana, na mwezi unaofuata hulazimika kupigilia misumari katika kitanda kilichokwisha kupakwa.

Nikague nini kabla ya kununua samani iliyotumika?

Omba ruhusa uipindue. Muuzaji wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au wa mnada wowote husugua upande wa mbele. Ukweli uko chini na nyuma. Shika kona mbili zinazotazamana kimshazari na uzisukume: kiungo kilicholegea kinatibika, lakini tendegu lililopasuka kwa urefu wake halitibiki kwa bei rahisi. Tazama kama kuna vitundu vidogo vya duara vinavyotoa unga laini. Vitundu vikavu visivyo na unga ni makovu ya zamani, ila unga mpya unaoanguka ukigonga kwa kidole unaonyesha kwamba wadudu bado wanakula.

Kwa kitanda, hesabu chaga na upime nafasi kati yake. Godoro la sponji linahitaji chaga zilizokaribiana, zisizoachana zaidi ya sentimita 7 au 8, la sivyo sponji huzama katikati ya mianya na godoro hufa kabla ya wakati wake. Kuongeza chaga nne au tano za paini kavu ni miongoni mwa matengenezo ya bei ndogo kabisa, na familia nyingi zilizokuwa zikilalamikia godoro hugundua kwamba tatizo lilikuwa chaga.

Kiti au kitanda kinacheza. Nipigilie misumari?

Tunakusihi usifanye hivyo. Msumari katika kiungo kilicholegea hupasua mbao na kumpa fundi atakayekuja baadaye kazi mara mbili. Fungua kiungo, kwangua gundi ya zamani mpaka mbao yenyewe ionekane, kwa maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu, kisha paka gundi nyeupe ya mbao na ukibane. Asiye na vibano vya seremala achukue tyubu kuukuu ya baiskeli, aikate kuwa utepe mrefu, na kuuzungusha kwa kuuvuta kwa nguvu kuzunguka miguu ya kiti raundi nyingi. Mpira hubana pande zote kwa usawa na haukwaruzi mbao. Futa gundi iliyovuja kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka, kwani mahali palipobaki gundi vanishi haitaingia na doa litaonekana daima. Acha siku nzima usiku na mchana. Wakati wa baridi acha siku mbili.

Mtoto wa meza haufunguki vizuri. Niupige randa?

Uliza kwanza ni mwezi gani. Masika mbao hunywa unyevu na kuvimba, na droo iliyopunguzwa mwezi Machi italegea na kuyumba ifikapo Agosti. Sugua mche wa sabuni kavu au kipande cha mshumaa kwenye njia ya droo na usubiri kiangazi. Ikiwa bado inakwama katikati ya kiangazi, hapo randa ina haki yake.

Ni msimu gani unaofaa kupaka rangi na vanishi?

Swali hili ndilo linaloharibu kazi nyingi huku kwetu. Mvua za Novemba hadi Aprili au Mei hujaza hewa unyevu, na vanishi iliyopakwa siku ya ukungu huweka utando mweupe kama maziwa. Juni hadi Agosti ni pakavu, lakini usiku Mbeya, Mafinga, Njombe na Makete joto hushuka chini ya nyuzi 10, kiwango ambacho rangi nyingi hazikauki ipasavyo. Miezi bora ni Septemba na Oktoba, ingawa upepo wa Oktoba huleta vumbi na itakulazimu kufanya kazi ndani ya chumba kilichomwagiwa maji kidogo sakafuni.

Mwenye haja ya kupaka Juni au Julai aanze saa nne asubuhi jua likishawasha ukuta, na amalize ifikapo saa nane au saa tisa alasiri, ili uso wa rangi ukauke kabla ya baridi ya jioni. Pale kopo linaposema saa 16 hadi 24 kati ya mkono wa kwanza na wa pili, hesabu siku mbili. Jaribu kwa kubonyeza ukucha mahali palipofichika: ukiacha alama, bado.

Ninaweza kuharakisha ukaukaji kwa jiko la mkaa?

Hapana, na jibu hili halina ubaguzi. Mvuke wa tina, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi, na wa rangi ya mafuta hushika moto upesi. Zaidi ya hapo, mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kila msimu wa baridi kuna familia hulala na jiko chumbani kwa nia njema ya kuwapasha watoto joto. Blanketi la pili, soksi na pazia zito vinatosha; jiko libaki nje.

Hatua za kufufua kabati la nguo ni zipi?

Tuchukue kabati la kawaida la upana wa futi 4, urefu wa futi 6 na kina cha futi moja na nusu. Uso wa mbele una futi za mraba 24, pande mbili zina 18, na juu kuna 6. Jumla ni 48, yaani kama mita za mraba 4 na nusu. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita moja inatosha mikono miwili na kubakiza kidogo cha kupakia fremu ya kioo au stuli. Tunafanya hesabu hii waziwazi kwa sababu wauza rangi hupendekeza galoni nzima, na masalio yake huishia kukauka uvunguni.

Ondoa milango, bawaba na vitasa, na uweke skrubu katika kikopo kimoja. Osha kabati lote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hasa kuzunguka vitasa ambako mafuta ya mikono yamejikusanya miaka mingi. Rangi haishiki juu ya mafuta, na msasa huyasambaza tu. Likikauka, na kama halina rangi usiyoijua umri wake (hiyo ina jibu lake hapa chini), piga msasa namba 80 au 100 mahali palipobabuka, kisha namba 120 kote, na umalizie na 180, ukifuata nyuzi za mbao bila kuzikata. Vitundu vizibwe kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe. Mchanganyiko huo hauna gharama yoyote ukiuomba kwa seremala wa mtaani, na ukitumia unga wa mbao ileile kiraka hakijitokezi sana.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, subiri, paka praima, yaani rangi ya msingi, na ikikauka pitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi sana. Ndipo rangi, mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mzito hutiririka na kukunjamana, na haujawahi kumwokolea mtu muda.

Ikiwa chini ya rangi ya zamani umekuta mninga, tafadhali usiufunike tena. Kwangua mahali padogo nyuma ya kabati: mbao ya hudhurungi yenye mistari myeusi, nzito mkononi, inastahili sila, ya kuziba vinyweleo vya mbao, na vanishi tu. Miti hiyo huchukua miongo mingi kukua katika misitu ya miombo kama ile ya Chunya, na uzuri wake hakuna rangi ya kopo inayoukaribia.

Kwa nini rangi juu ya paini hutoa madoa ya manjano?

Ni utomvu wa vifundo. Paini ina utomvu mwingi, nao hupenya rangi hata baada ya mwaka. Futa vifundo kwa tina, acha vikauke, kisha vipake shelaki, aina ya vanishi inayozuia utomvu, kabla ya praima.

Rangi ya zamani ina hatari yoyote kwa watoto?

Inaweza kuwa nayo. Rangi nyingi za mafuta za miaka iliyopita zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa sababu huathiri ubongo unaokua. Usipige msasa mkavu juu ya rangi usiyoijua umri wake. Lowesha uso kwa maji yenye sabuni na utumie msasa wa maji, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Kusanya mabaki kwa kitambaa chenye maji na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Samani ambayo mtoto mchanga huitafuna, kama ubao wa juu wa kitanda chake, ni afadhali ibadilishwe ubao wenyewe.

Nitawezaje kuwa na uhakika kwamba siingizi kunguni nyumbani?

Kitanda kilichotumika kisivuke kizingiti kabla ya ukaguzi. Kifungue chote nje, juani, na utazame ndani ya matundu ya skrubu, mwishoni mwa chaga na nyuma ya ubao wa mchagoni. Tafuta madoa madogo meusi, maganda mepesi na mayai meupe. Kukiweka stoo wiki kadhaa hakusaidii, kwa maana kunguni huweza kuishi miezi bila kula. Kinachowaua ni joto. Kwa mbao nzima, isiyo chipubodi, mimina maji yanayochemka polepole katika kila mwanya na kila kiungo, acha kitanda kikauke kabisa, kisha ziba nyufa zote kabla ya kupaka rangi. Nguo na vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto. Godoro lililotumika usinunue, hata ukipewa kwa nusu ya nusu ya bei.

Onyo moja linahusu sana mikoa yetu ya kilimo. Dawa za kunyunyizia viazi, nyanya au mahindi hazikutengenezwa kwa ajili ya chumba cha kulala. Chupa ipo stoo na kunguni wanauma, kwa hiyo kishawishi kinaeleweka, lakini sumu hiyo hubaki kwenye mbao na magodoro ambako mtoto huvuta pumzi usiku kucha.

Tuna watoto wengi na chumba kimoja. Kitanda cha ghorofa ni salama?

Ni salama kikiwa na mwili wa kutosha, na kwa nafasi kinachookoa hatukijui kinachokizidi. Kitanda hicho, ambacho wengi hukiita dabodeka, kishikwe kwa boliti na nati. Misumari hulegea kadiri watoto wanavyopanda na kushuka. Kitanda cha juu kiwe na kizuizi pande zote mbili, hata upande wa ukutani, kwani mtoto anaweza kuteleza akanaswa kati ya kitanda na ukuta. Kizuizi kisimame angalau sentimita 13 juu ya godoro likiwa limeshawekwa, na hapa ndipo wengi hukosea: kizuizi hupimwa bila godoro, kisha linanunuliwa la inchi 8 na kizuizi chote kinamezwa. Juu lifae godoro la inchi 4. Mwanya wowote katika kizuizi usizidi sentimita 9, na mtoto aliye chini ya miaka 6 alale chini, hata akilia kutaka juu.

Vitanda viwili vya kawaida visipandishwe kimoja juu ya kingine kwa kuunganishwa na vipande vya mbao. Matendegu yake hayakuundwa kubeba mzigo huo.

Nyuma ya kabati kuna ukungu kila mwaka. Nifanye nini?

Ukuta wa nje ni baridi, hewa ya chumba ina unyevu wa pumzi za watu wanne, na kabati limebanwa ukutani pasipo upepo; unyevu hugeuka maji hapo. Sogeza kabati liache nafasi ya sentimita 5 au zaidi, au lihamishie ukuta wa ndani, na ufungue madirisha kila asubuhi hata kukiwa na baridi. Ukungu uliopo uoshwe kwa sabuni na maji, ukuta ukauke, kisha upakwe chokaa. Chokaa, ambayo huchomwa Songwe siku zote, ni rahisi, huruhusu ukuta kupumua na ukungu hauipendi. Koroga na chumvi kidogo isichafue nguo, paka mikono miwili au mitatu myembamba, na ulinde macho na ngozi kwa sababu huunguza.

Kwa upangaji wa chumba, kumbuka kwamba Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kaskazini hupata jua msimu wa baridi. Kama una hiari, hicho kiwe cha watoto.

Mapazia na matandiko yapatikane wapi kwa bei ndogo?

Mapazia mazito ya mitumba ni bora kuliko mengi mapya mepesi, hasa Njombe na Makete ambako dirisha huvuta baridi usiku kucha. Nunua upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya dirisha ili pazia lijikunje vizuri. Blanketi jepesi lililochakaa likishonwa nyuma ya pazia la kawaida huzuia baridi vyema, na kutoka mbele halionekani. Kitenge kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, kwani pamba hujikunja na rangi hutoka. Badala ya bomba la chuma, tumia mwanzi uliokaa majini wiki kadhaa kisha ukaukie kivulini. Maji huondoa wanga unaowavutia wadudu.

Uchague rangi mbili, tatu zikizidi, na uzirudie katika pazia, foronya na mlango wa kabati. Chumba kidogo chenye rangi mbili huonekana kimepangwa hata kama kila kitu ndani yake kilitoka nyumba tofauti.

Nguo na viatu vya watoto vikae wapi pasipo kabati la pili?

Uvunguni, ndani ya vikapu. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Iringa ni imara, vina uzuri wake, na hupitisha hewa, jambo ambalo ndoo na masanduku ya plastiki hayawezi. Viinuliwe juu ya vipande vya mbao visiguse sakafu ya saruji, na kila mtoto awe na kikapu chake.

Mbao za palati na mabanzi zinafaa?

Palati, yaani jukwaa la mbao la kubebea mizigo, hufaa ikiwa ina alama. Kwa kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, herufi HT humaanisha mbao ilipashwa joto mpaka nyuzi 56 ndani yake kwa dakika 30. MB humaanisha ilifukizwa kwa gesi yenye sumu, na hiyo usiilete chumbani. Isiyo na alama yoyote, au yenye harufu ya mafuta, iachwe. Mabanzi kutoka kiwanda cha mbao hupatikana karibu bure na hufaa kwa rafu za ukutani baada ya kubanduliwa magome, maana wadudu hukaa humo. Mbao za kijani zilizotiwa dawa ya kuezekea zisitumike kwa vitanda, na vipande vyake visichomwe jikoni, kwa kuwa moshi na majivu yake vina sumu.

Tunaishi nyumba ya kupanga. Tutapambaje bila kutoboa ukuta?

Weka nguvu katika vitu mtakavyoondoka navyo. Ubao wa mchagoni uliofunikwa kwa sponji na kitambaa hufungwa kwenye kitanda, si ukutani. Gunia la kahawa kutoka Mbozi, likifuliwa na kupigwa pasi, hutoa kitambaa kigumu cha kuvutia kwa kazi hiyo. Kabati refu tu ndilo tunaloshauri muombe ruhusa ya kulitobolea ukuta. Mtoto anapofungua droo na kuzipanda kama ngazi, kabati humwangukia, na kipande cha chuma chenye umbo la L na skrubu mbili juu ya kabati huzuia hilo. Kwa tofali za kuchoma, tumia skrubu ndefu yenye plagi, na itobolewe ndani ya tofali lenyewe, kwa sababu lipu peke yake haishiki. Mwenye nyumba akikataa, kabati lilazwe chini liwe sanduku la kuketia, au lihamie chumba cha wazazi.

Watoto washiriki kazi gani?

Wa miaka 6 na kuendelea wanaweza kuosha, kupiga msasa laini kwenye mbao isiyo na rangi ya zamani, na kuchagua rangi ya kikapu chao. Wakubwa washike brashi kwa rangi ya maji. Tina, vanishi na maji yanayochemka vibaki mikononi mwa watu wazima, na makopo yake yasihifadhiwe kwenye chupa za soda au za maji.